Juu ya Chumba cha Mama Mkwe

Jina lake nalijua, lakini silitaji. Katika ukoo wa mke wangu, Wabena wa pembezoni mwa mji wa Njombe, mkwe wa kiume hatamki jina la mama wa mkewe, hampi mkono, haketi naye mkeka mmoja, na chumba chake cha kulala hakioni hata kwa bahati mbaya. Mimi ni Mkinga wa Makete. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, ila heshima yetu ina mlango wa nyuma, na nilipooa nilidhani ya kwao inao pia. Basi humu ataitwa Mama Mkwe, na ikitokea akasomewa maandishi haya, naomba aambiwe kwamba hata kwenye karatasi nimekaa mbali.

Hakuwa akinisemesha. Alisema na kuku. Nikifika kwake kutoka Makambako, nilikofungua duka la vifaa vya ujenzi, nilichuchumaa uani nikasema "Kamwene," naye akaitikia "Kamwene" huku ameangalia miparachichi. Baada ya hapo maneno yote yalipita kwa mke wangu, na mke wangu asipokuwepo, yalipita kwa kuku.

"Nyie kuku, huyo wa Makambako amekula kweli huko alikotoka? Mbona shati linamvaa?"

Nami nikawajibu kuku, "Waambieni wenyeji nimeshiba, ni shati jipya."

Alikuwapo tetea mmoja mwekundu aliyezoea kusimama katikati yetu, na kwa muda mrefu huyo ndiye aliyebeba habari zote za familia: misiba, ada za shule, bei ya viazi. Krismasi moja akachinjwa. Nilipewa paja, na nilipolitafuna nilijua wazi kwamba ninamla mjumbe wetu.

Mwanamke mfupi, sweta la sufu juu ya kitenge mwaka mzima, miguu isiyojua kukaa. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ndefu. Akiita mtu kutoka jikoni, hata wa barabarani wasiohusika waligeuka. Alikuwa mwanajumuiya wa mstari wa mbele, wa kufagia kanisa na kuwasema watu papo hapo, na padri mwenyewe alikuwa akimpitia kwa adabu. Kwa mambo mengi alikuwa mama wa kawaida wa huku kwetu baridini. Kilichomtenga na wenzake kilikuwa ugomvi wake na vumbi.

Nyumba yake ilikuwa imeezekwa kwa bati za simenti, zile nene za kijivu zenye mawimbi, ambazo wengine huziita asbesto. Mumewe alikuwa seremala wa misheni. Enzi hizo majengo mengi yaliezekwa hivyo, naye ndiye aliyezikata, kwa msumeno wa mkono, mwaka baada ya mwaka, bila kitambaa mdomoni, kwa sababu nani angemwambia? Jioni alirudi mweupe kama katoka mashine ya kusaga, na Mama Mkwe akayachukua magwanda yake na kuyakung'uta mlangoni. Vipande vilivyobaki misheni aliruhusiwa kuvichukua, akaezekea nyumba yake, na kijiji kizima kikamwonea wivu.

Sikumkuta. Alikufa kwa kifua kabla sijamjua binti yake. Mke wangu anasema siku za mwisho kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa safari ya kupumzika njiani. Hospitalini daktari hakuuliza anavuta sigara au anakunywa nini. Aliuliza anakata nini. Mama Mkwe alilirudia swali hilo maisha yake yote, kwa sauti ya daktari huyo, hata kwenye harusi za watu.

Tangu hapo alitaka jambo moja, na alilisema bila kificho: vumbi la paa lile lisiingie kwenye kifua cha mtu mwingine yeyote wa nyumba yake. Mimi nilitaka jambo langu moja vilevile, nalo ni aibu kidogo kuliandika. Nilitaka anione mkwe wa maana.

Alikuwa na sheria. Paa halipigwi msumari. Paa halipandwi. Fundi wa king'amuzi aliyeweka ngazi ukutani bila kuuliza aliondoka mbio, ngazi ikabaki, akaja kuichukua siku nyingine akiwa na mjumbe wa nyumba kumi. Sakafu haifagiliwi kavu. Unanyunyiza maji kwanza. Maji ya mvua yanayotoka kwenye paa ni ya kumwagilia maua tu, na watoto hawachezi pale yanapodondokea. "Vumbi halina haraka," alikuwa akisema. "Linaingia, linakaa, linakusubiri uzeeke." Kwamba kwa nini basi haliondoi paa lenyewe, jibu lake lilikuwa tayari: likiwa zima halina shida na mtu, shida ni mikono yenu.

Sasa msomaji asije akadhani namchora mtakatifu. Chini ya jiko la mkaa, lile alilolala nalo chumbani wakati wa baridi kali ya Juni, aliweka kipande cha bati hilohilo la simenti ili makaa yasiunguze sakafu. Kipande hicho pia alikipasha moto akakaangia karanga. Siku mke wangu alipopata ujasiri wa kuuliza, Mama Mkwe alishangaa kweli.

"Hicho? Hicho kina vumbi gani? Nimekisugua kwa mchanga mwenyewe mpaka kikang'aa."

Tuliangaliana. Tuliendelea kula karanga, kwa sababu ni nani angezikataa?

Na alikuwa na ugoro. Kibuyu kidogo ndani ya soksi ya kiunoni, pua kulia, pua kushoto, asubuhi na baada ya Rozari. Binti yake alimwambia, mama, si vumbi hilo? Akasema ugoro una haraka, mtu anapiga chafya unatoka wote. Aliamini pia kwamba maziwa husafisha kifua. Huku mafundi rangi wengi wanaamini hivyo, kazi ikiisha utawaona wamekaa na pakiti zao za maziwa kama watoto wa chekechea, na mimi muuza rangi niliwahi kumwambia mteja kwa sura ya kitaalamu kabisa kwamba ndiyo dawa yake.

Kuhusu rangi alinitesa zaidi, maana hapo ndipo kwenye mkate wangu. Milango na madirisha yake yalipakwa tangu enzi za mumewe kwa rangi ya mafuta ya zamani, ile nzito ya kijani ya misheni, na kila Pasaka alipaka nyingine juu. Kukwangua hakuruhusu. Akiona imebanduka alilowesha kwa kitambaa, akaokota vibanduko kimoja kimoja kabla watoto hawajavitia mdomoni, kisha akapaka juu yake. Mlango wa mbele ulinenepa mpaka ukakataa kufunga. Aliufunga kwa kamba ya mkonge, na kwenye kamba akatundika msalaba. Nilipojitolea kuusugua kwa msasa, bure, pamoja na rangi mpya kutoka dukani kwangu, kuku waliambiwa waniulize swali.

"Muulizeni, hiyo rangi yake, kwenye kopo wameandika ina nini ndani?"

Nilikuwa nimeuza rangi miaka mingi. Kopo nilijua rangi yake, ujazo wake na faida yake. Nyuma ya kopo sikuwahi kupasoma. Niliwaambia kuku kwamba ni rangi nzuri sana, nzito. Kuku hawakuridhika. Niliporudi Makambako nikafunga mlango wa stoo, nikavaa miwani, nikaanza kusoma makopo yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mengine yaliandikwa wazi kwamba hayana madini ya risasi, ile sumu ya rangi za zamani. Mengine hayakuandikwa lolote, na hayo ndiyo niliyokuwa nikiyasifia kwa uzito wake.

Mtu mwenye akili angejifunza hapo. Mimi nilijifunza kwamba Mama Mkwe anapenda vitu vilivyoandikwa vizuri, nikaamua kumwezekea nyumba.

Ikumbukwe miaka ile kila aliyepata hela ya parachichi au mbao alikuwa anaezeka kwa bati za msauzi, zile za rangi, nyekundu na za kijani. Ukitoka Makambako kwenda Njombe uliona vilima vimebadilika sura. Bati hizo nauza mimi. Watu wananiuliza, na nyumba ya mkweo je? Nami nabaki nakohoa. Kila nilipotuma ombi, jibu lilikuwa lilelile: mwambieni aliache, limelala. Kisha ikaja mvua ya mawe, bati moja upande wa chumba chake likapata ufa, akaziba kwa lami. Kwangu ufa ule ulikuwa baraka. Mama Mkwe alikwenda Matembwe kwenye msiba wa dada yake, akawa atakaa huko mpaka matanga yaishe. Nikapakia msauzi kwenye gari, nikamdanganya mke wangu kwamba napeleka mzigo kwa mteja, nikaja Njombe kufanya maajabu.

Hapa ndipo panapohitaji maelezo, kwa sababu mgeni hawezi kuelewa jinsi mtu mzima anavyoweza kufanya nilichofanya. Bati zile hufungwa kwa boliti ndefu zinazoshika mbao kwa ndani. Kuzitoa salama, mtu mmoja anakaa juu, mwingine anaingia chini na spana kulegeza nati. Chini ni chumbani. Chumba ni cha Mama Mkwe. Fundi niliyekuja naye alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kwa hiyo kwa hesabu za ukoo huo naye alikuwa mkwe. Tulisimama mlangoni pa chumba kile na spana zetu, tumeinamisha vichwa, hakuna aliyethubutu kusukuma pazia. Ningeweza kuomba jirani. Lakini jirani angesema, na maajabu hayatangazwi kabla.

Nikaona suluhisho: tutavunja kwa juu. Nyundo tu, boliti zitabaki zenyewe. Nikapanda. Nikagonga bati la kwanza, likapasuka, na pale nikakumbuka kwamba likifunguka nitakuwa naangalia kitanda cha mama mkwe wangu. Nikafumba macho. Nawaambia ukweli, niliendelea kuvunja paa la asbesto kwa nyundo nikiwa nimefumba macho, kwa heshima. Mpwa wangu alikaa upande wa pili ameangalia mbinguni. Vumbi nililisikia mdomoni, lina ladha ya chaki. Nilikuwa nimejifunga barakoa ya kitambaa iliyobaki enzi za korona, kidevuni, maana miwani ilikuwa inaingia ukungu. Moyoni nilikuwa na furaha tele, nikimwona Mama Mkwe akishuka kwenye gari, akiona wekundu wa bati kutoka mbali.

Nilichosikia ni sauti ile ndefu, kutoka uani.

"Nyie kuku! Shukeni juu ya hilo paa! Shukeni sasa hivi! Mnataka kufa?"

Nikafumbua macho. Alikuwa amesimama na mfuko wake wa msiba kichwani, wamegombana huko Matembwe akaondoka mapema. Kuku wote walikuwa miguuni pake, chini. Paa lilikuwa na sisi wawili, weupe kuanzia nywele hadi viatu, na hata katika hali ile, akitetemeka mwili mzima, hakunisemesha. Mimi nilifikiri ni hasira. Tuliposhuka nikaona uso wake. Alikuwa ananiangalia magwanda yangu, pale mlangoni pake, na machozi yanamtoka bila sauti. Hapo ndipo nilipoelewa ni nani aliyekuwa anamwona.

Alifanya kazi haraka. Alituzuia tusijikung'ute, maji yakamwagwa juu yetu, ndoo baada ya ndoo, kwa mkono wa jirani aliyekwisha kufika na watu wake wote. Maji ya Njombe mwezi wa saba. Nguo zikavuliwa nyuma ya choo, zikatiwa kwenye mfuko wa mbolea zikiwa mbichi. Tukapewa kanga za kujifunga na maziwa ya kunywa, mtungi mzima, nami niliyanywa mbele ya majirani nikiwa na kanga yenye maua, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu niliyekuja kufanya maajabu.

Bwana Afya wa kata alikuja siku iliyofuata. Akapanda ngazi kidogo, akashuka, akauliza ni nani mtaalamu aliyeshauri nyundo. Nikaangalia miparachichi. Akasema paa lile, pamoja na ufa wake uliozibwa, lingeweza kuachwa na kuangaliwa tu, lakini sasa limevunjwa, lote lazima litoke. Likatoka kwa utaratibu wake: maji kwanza, watu wenye barakoa za kweli na ovaroli, nati zikafunguliwa kutoka chumbani na vijana wasio wakwe wa mtu yeyote, bati zikashushwa nzima kwa kamba, zikafungwa kwenye nailoni nene, zikaenda kuzikwa mahali halmashauri ilipoonyesha. Godoro lake, mablanketi yake, pazia lile lile tuliloliogopa, vyote vilifungwa vikaenda. Mpaka kile kipande cha kukaangia karanga kilikwenda, na hicho alikisindikiza kwa macho. Yeye akahamia jikoni mpaka nyumba ikamalizika.

Hakunisema. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu aliyeweza kumsema padri hakunituma hata neno moja kwa kuku. Mke wangu alinisema kwa niaba ya wote, hilo alilimaliza vizuri, lakini ya mama yake nilikuwa nayasubiri na hayakuja. Siku moja tu, mke wangu alipomweleza kwamba yule alivunja amefumba macho asije akaona chumba, Mama Mkwe aliuliza, "Kweli? Yote mawili?" Kisha akacheka mpaka ugoro ukamwingia vibaya. Habari ikafika jumuiya. Hadi leo nikienda kusali kule, akina mama wa kwaya wakiniona wanafumba macho.

Msauzi ikapanda, nyekundu. Aliisifu kwa jumuiya, akailaumu kwetu: mvua ikinyesha hasikii Rozari yake mwenyewe. Milango alikubali ibadilishwe, nikaleta mipya, rangi ya kopo lililoandikwa, nikamsomea mke wangu kwa sauti maneno yote ya nyuma ya kopo ili kuku wasikie. Mpwa wangu alirudi Makete, na kila mara Mama Mkwe alikuwa anaulizia habari zake kupitia binti yake, swali moja tu: anakohoa?

Msimu wa baridi uliopita mimi ndiye niliyeanza kukohoa. Makambako ni mji wa upepo, mwezi wa saba nusu ya mji inakohoa, kwa hiyo nikajiambia ni upepo. Wiki zikapita, kikohozi kikabaki. Mke wangu akasema nenda hospitali, nikasema mzigo unakuja, nikasema wiki ijayo, nikasema kila kitu isipokuwa kwamba naogopa. Nilikuwa naogopa sana. Usiku nilijisikiliza. Mchana nilipandisha sauti ya redio dukani nisijisikie. Mtu ambaye hakuwahi kusoma nyuma ya kopo alikuwa sasa anasoma kila kitu, na kila alichosoma kilisema kwamba vumbi la namna ile linaweza kungoja miaka mingi.

Jioni moja mke wangu alikuwa anaongea na mama yake kwa simu, sauti imefunguliwa. Nikakohoa kutoka sebuleni. Papo hapo Mama Mkwe akasema usiku mwema, akakata.

Kesho yake asubuhi aliingia dukani kwangu. Hakuwahi kukanyaga Makambako kwa ajili yangu. Mji ule aliuita wa malori na upepo. Alikuwa na sweta lake na mfuko wa nailoni. Niliruka nikageukia rafu za rangi, mgongo kwake, kama inavyotakiwa. Dada anayenisaidia kuuza akadhani ni mteja.

"Karibu, bibi. Unahitaji nini?"

"Mwambie huyo mtu avute pumzi."

Dada akaniangalia, akamwangalia. "Bosi, bibi anasema uvute pumzi."

Nikavuta. Kikohozi kikaja katikati, nikakimeza, kikarudi. Makopo mbele yangu yalikuwa yanacheza.

"Mwambie asikimeze. Mwambie avute mpaka chini, aachie polepole."

"Bosi, usikimeze. Mpaka chini."

Nikavuta, nikaachia. Hata wateja wawili wa misumari walikuwa wameacha kuhesabu. Sikumsikia akizunguka kaunta. Nilichojua ni kwamba kitu kidogo cha moto kimetua mgongoni kwangu, juu ya shati, kati ya mabega, kikatulia pale. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni kiganja cha mkono. Tangu nimuoe binti yake hatukuwahi kugusana hata kwa sahani. Dada wa dukani alifungua mdomo kuuliza anitafsirie nini, akaufunga. Nilishika rafu kwa mikono miwili, nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo, nikaiachia, na mkono haukuondoka.

"Tena," Mama Mkwe akaniambia.